Asiyekubali Kushindwa si Mshindani: Habari za Christy Ring wa Cork



Mithali hii ya wazee wetu twaisema mara kwa mara, na mara nyingi twaisema kwa kumcheka mwenzetu aliyenuna baada ya kufungwa katika mpira. Lakini ni wachache waliopata kuiona ikitimia mbele ya macho ya watu elfu themanini. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye kwake ilitimia hivyo. Hakuwa mfalme wala jemadari, wala hakuwa mtu wa elimu kubwa. Alikuwa dereva wa lori la mafuta katika mji wa Cork, nchi ya Ayalandi. Jina lake Christy Ring. Aliyakaribia maisha yake yote kwa kitu kimoja, yaani kushinda, na kweli alishinda kuliko wote waliomtangulia. Hata hivyo, sisi tulipozitafakari habari zake, tuliona kwamba siku iliyo kubwa kupita zote ni siku aliyoshindwa. Basi na tuanze tangu mwanzo.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza yatupasa kueleza mchezo, maana huku kwetu haujulikani sana. Huitwa halingi, nao ni mchezo wa kale wa Waayalandi, uliotajwa hata katika hadithi zao za mashujaa wa zamani. Watu 15 husimama upande huu na watu 15 upande ule. Kila mmoja hushika gongo la mti uitwao ash, ambao ni mgumu lakini wenye kunepa, na mwisho wake wa chini umepindika na kuwa bapa. Mpira wao ni mdogo, waenea katika kiganja, umevikwa ngozi yenye mshono uliotokeza. Hupigwa ukiwa chini, hupigwa ukiwa angani, hudakwa kwa mkono, na mchezaji hodari huweza kukimbia nao juu ya gongo kama mtu achukuaye yai juu ya upawa.

Kila lango lina nguzo mbili ndefu na mti uliokingama kati yake. Mpira ukipita chini ya mti ule ni bao, nalo lahesabiwa alama 3. Ukipita juu yake katikati ya nguzo, ni alama 1. Mtu asiyezoea akiutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza huogopa, maana magongo huenda kasi na mpira huruka kama jiwe la kombeo. Siku hizi ni sheria kuvaa kofia ngumu ya kukinga kichwa, lakini zamani za Ring wengi walicheza kichwa kitupu.

Chama kinachoutunza mchezo huu kiliundwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles. Uwanja wake mkubwa uko Dublin, nao waitwa Croke Park kwa heshima ya Askofu Mkuu Croke wa Cashel, mmoja wa walezi wa kwanza wa chama hicho. Ayalandi ina wilaya 32 katika majimbo manne. Mtu huchezea kijiji chake au mtaa wake, na akionekana kuwa hodari huitwa kuichezea wilaya yake. Hapana anayenunuliwa wala kuuzwa, na wachezaji hawalipwi mshahara. Wilaya ikishinda katika jimbo lake, yaweza kufika katika mchezo wa mwisho wa mwaka pale Croke Park. Washindi hupewa kombe liitwalo kombe la Liam MacCarthy, na kila mchezaji hupata nishani yake. Nishani hiyo ndogo, isiyoweza kumnunulia mtu hata shamba, ndiyo inayotamaniwa na kila kijana wa Ayalandi ashikaye gongo.

KIJANA WA CLOYNE

Christy Ring alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Cloyne, upande wa mashariki wa mji wa Cork. Kijiji hicho ni kidogo, chajulikana kwa mnara wake wa mawe wa mviringo uliojengwa zamani sana. Watu wa nyumbani kwao hawakuwa matajiri. Aliacha shule mapema, kama walivyofanya wana wengi wa watu wa kazi siku zile, akaenda kujifunza ufundi wa magari. Baadaye akawa dereva, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha siku zote.

Mwaka 1938 alikuwa katika kikosi cha vijana wa Cork kilichoshinda nchi nzima, na mwaka uliofuata akaitwa katika kikosi cha wakubwa. Mwaka 1941 alihamia chama cha Glen Rovers, kilicho upande wa kaskazini wa mji wa Cork, akadumu nacho mpaka alipoweka gongo lake chini. Hakuwa mrefu wa kimo, lakini alikuwa na mabega mapana na mikono yenye nguvu. Naye alikuwa mwepesi wa kuona, hata akajua mpira utaangukia wapi kabla wenzake hawajajua.

Twataka wasomaji vijana waliangalie neno hili. Watu wengi walidhani Ring alizaliwa na uhodari wake, kama mtu azaliwavyo na sura yake. Waliomjua kwa karibu hawakusema hivyo. Walisimulia kwamba gongo na mpira vilikuwamo katika lori lake alipokwenda kupeleka mafuta, na kwamba saa ya kupumzika, wenzake walipoketi kula, yeye alishuka akaanza kupiga mpira. Alipiga kwa mkono wa kuume na kwa mkono wa kushoto. Alirudia pigo moja, kisha akalirudia tena, mpaka likamkaa mwilini kama jina lake lilivyomkaa. Basi tumwonapo mtu atendaye jambo gumu kwa wepesi, tusiseme upesi, "Amejaliwa." Pengine tukiiuliza saa yake ya chakula, itatuambia mengine.

MIAKA YA USHINDI

Mwaka 1941 Cork ilishinda Ayalandi nzima, na Ring akapata nishani yake ya kwanza. Ikashinda tena mwaka 1942, na 1943, na 1944. Miaka minne mfululizo, jambo ambalo hakuna wilaya iliyopata kulifanya kabla yake.

Mwaka ule wa 1944 ulikuwa wa vita kuu ya dunia. Ayalandi haikuingia vitani, lakini mafuta ya magari yaliadimika kabisa. Cork na Limerick walipokutana huko Thurles kushindania jimbo la Munster, maelfu ya watu walikwenda kwa baiskeli, wengine wakitoka mbali sana. Mchezo wa kwanza ukawa sare, nao hawakuona taabu kurudi kwa baiskeli zao kuutazama wa pili. Katika dakika za mwisho za mchezo huo wa pili Ring aliuchukua mpira mbali na lango, akakimbia nao akiwapita walinzi, akaupiga ukaingia wavuni. Likawa bao la ushindi. Waliokwenda kwa baiskeli walirudi na hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Mwaka 1946 Ring alikuwa nahodha. Cork iliishinda Kilkenny kwa mabao 7 na alama 5, dhidi ya mabao 3 na alama 8, na bao moja alilolitia mwenyewe baada ya kukimbia mbali na mpira likawa mfano kwa waliokuja nyuma. Ndipo alipopokea kombe kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa wenzake alikuwa Jack Lynch, mtu wa Glen Rovers kama yeye, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Ayalandi. Jina lake tutalikuta tena mwishoni.

Lakini ushindi si urithi. Mwaka 1947 Kilkenny waliishinda Cork kwa alama moja tu katika mchezo wa mwisho. Kisha Tipperary wakawazuia mwaka 1949, na 1950, na 1951. Wengi walidhani zamani za Ring zimekwisha, maana alikuwa amepita miaka 30. Yeye hakudhani hivyo. Mwaka 1952 Cork ilishinda tena, na 1953, na 1954, na miaka miwili ya mwisho Ring ndiye aliyekuwa nahodha. Akawa mtu wa kwanza kulipokea kombe lile mara tatu, na wa kwanza kupata nishani nane uwanjani.

Haifai tumsifu mtu kwa kuficha upande mmoja. Ring alikuwa mkali sana uwanjani. Alitaka mpira kama mwenye njaa atakavyo chakula, na mchezo wa magongo si mchezo wa upole. Mwaka 1953, walipoishinda Galway, palikuwa na uchungu na manung'uniko makubwa kwa sababu ya mchezaji wa Galway aliyeumia. Na mwaka 1954, katika mchezo wa mwisho na Wexford, mlinzi mkubwa wa Wexford aitwaye Nick O'Donnell aligongana na Ring, akavunjika mtulinga, akatoka uwanjani. Watu 84,856 walikuwapo siku hiyo, na Cork ikashinda kwa alama tatu tu. Twaomba msomaji alishike jina la Nick O'Donnell.

SIKU YA MWAKA 1956

Wexford ni wilaya ya kusini mashariki. Ilikuwa haijashinda tangu mwaka 1910, na watu wake walikuwa wamezoea kuambiwa kwamba halingi si kazi yao. Lakini katika miaka ile walitokea wana wa nyumba moja, Nicky, Bobby na Willie Rackard, na pamoja nao watu wengine wenye miili mikubwa na moyo mkubwa. Mwaka 1951 walishindwa na Tipperary katika mchezo wa mwisho. Mwaka 1954 wakashindwa na Cork, kama tulivyosema. Hawakukata tamaa. Mwaka 1955 wakalitwaa kombe. Mwaka 1956 wakafika tena, na waliowakuta mbele yao walikuwa Cork na Christy Ring.

Ring alikuwa na miaka 35. Alikuwa na nishani nane, naye alitaka ya tisa, ambayo hapana mtu aliyepata kuwa nayo. Katika mchezo wa kushindania jimbo la Munster alikuwa ameonyesha kwamba nguvu bado anazo: Limerick walimzuia muda mrefu, hata walipoanza kufurahi, katika dakika za mwisho akatia mabao matatu. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa ikiingojea siku ya Croke Park.

Siku yenyewe ikachelewa. Mwaka ule ugonjwa wa kupooza uliingia Cork ukawapata hasa watoto, na kwa ajili ya hofu ya maambukizo mchezo ukaahirishwa mpaka tarehe 23 Septemba. Ilipofika, watu 83,096 waliingia uwanjani.

Wexford walitangulia. Cork wakawafuata kwa bidii, hata mchezo ukawa kama mizani ambayo haijui iinamie wapi. Zikabaki kama dakika tatu. Wexford walikuwa mbele kwa alama 2 tu. Na kumbukeni, bao moja ni alama 3. Ring akaupata mpira, akaelekea lango. Kila aliyekuwapo alijua maana yake. Mtu yule alikuwa amefanya hivyo mwaka 1944, na 1946, na majuma machache tu yaliyopita. Akapiga kwa nguvu zake zote.

Mlinda lango wa Wexford, jina lake Art Foley, alikuwa mtu mdogo wa mwili kati ya majitu. Akauzuia mpira ule, kisha akauondosha. Ukaenda mbele mpaka kwa Nicky Rackard, naye akatia bao upande wa pili. Mambo yakaisha. Wexford walipata mabao 2 na alama 14. Cork mabao 2 na alama 8.

Sasa, wasomaji wetu, tuyaangalie mambo mawili yaliyotendeka saa ile.

La kwanza ni la Ring. Foley alipouzuia mpira, nishani ya tisa iliondoka mbele ya macho yake, na kwa umri wake aliweza kujua kwamba huenda isirudi. Mtu mwingine angalipiga gongo lake chini, au angalimlaumu mwamuzi, au angaligeuka kwenda zake. Ring alimwendea Foley palepale langoni, akampa mkono kumpongeza, mchezo haujaisha. Alikuwa amempigia mpira ambao haukupasa kuzuilika, naye ameuzuia. Basi aliona ni haki kumheshimu.

La pili ni la Wexford. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wao walikuwa na haki ya kukimbilia kombe lao na jamaa zao. Lakini wawili kati ya walinzi wao wakamwendea Ring, wakamwinua mabegani, wakamtoa uwanjani kwa heshima, aliyeshindwa akichukuliwa na walioshinda. Mmoja alikuwa Bobby Rackard, aliyekuwa na kazi ya kumzuia siku nzima. Wa pili alikuwa Nick O'Donnell, yule aliyevunjika mtulinga alipogongana naye miaka miwili nyuma.

Twamwomba kila msomaji asimame hapa kidogo. Bega lile lile la O'Donnell lilikuwa limepata maumivu kwa sababu ya mtu huyu. Kama angalikaa na kinyongo, hakuna ambaye angalimshangaa. Yeye aliona afadhali kumbeba. Huko Ayalandi wengi waliokuwapo walisahau hesabu ya alama za siku ile, lakini habari ya kuchukuliwa kwa Ring mabegani husimuliwa mpaka leo, na watu wa Wexford huisimulia kwa fahari sawa na habari ya kombe lenyewe.

MIAKA YA MWISHO

Nishani ya tisa haikuja kamwe. Cork haikufika tena katika mchezo wa mwisho mpaka mwaka 1966, na wakati huo Ring alikuwa ameacha kuichezea. Hata hivyo hakuketi akihesabu alichokosa. Mwaka 1959 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka, ana umri wa miaka ambayo wengi huwa wamekwisha kuwa watazamaji. Katika mashindano ya majimbo manne aliisaidia Munster mpaka akapata nishani 18, ya kwanza mwaka 1942 na ya mwisho mwaka 1963. Mtaa wake wa Glen Rovers aliuchezea mpaka mwaka 1967.

Alipoacha gongo, akawa mmoja wa wateuzi wa kikosi cha Cork, yaani wale wanaochagua wachezaji na kuwaongoza. Cork ikashinda nchi nzima mwaka 1976, na 1977, na 1978. Basi mzee akawapa vijana kile alichokuwa nacho, bila kuona wivu kwamba sasa ni wao wanaoshangiliwa.

Tarehe 2 Machi mwaka 1979 alianguka katika mji wa Cork kwa ugonjwa wa moyo, akafa. Alikuwa na miaka 58. Umati mkubwa ulisimama njiani maiti yake ilipopita, na akazikwa kwao Cloyne, kijiji alichozaliwa. Aliyesimama kaburini kumwaga kwa maneno ni Jack Lynch, mwenzake wa zamani, ambaye wakati ule alikuwa ndiye Waziri Mkuu. Leo sanamu yake imesimama Cloyne. Daraja moja katika mji wa Cork laitwa kwa jina lake, na kiwanja kimoja pia. Kwa kweli, mcheza kwao hutunzwa.

Hesabu zake nyingine zimekwisha kupitwa, maana ndivyo zilivyo hesabu. John Doyle wa Tipperary alimfikia kwa nishani nane mwaka 1965, na Henry Shefflin wa Kilkenny akapata nishani yake ya kumi mwaka 2014. Ring mwenyewe, aliyekuwa akifundisha vijana wampite, sidhani kama angaliona vibaya.

NENO LETU

Wazazi wapenzi, watoto wetu hucheza. Hucheza shuleni, hucheza uani, hucheza mpaka jua likachwa. Twawafundisha kushinda, nasi twafanya vema, maana mtu asiyetaka kushinda hajui bidii ni kitu gani, na Ring hakupata nishani nane kwa kulala. Lakini mara ngapi tumewafundisha kushindwa? Mtoto arudipo nyumbani amefungwa, sisi ndio wa kwanza kusema, "Mwamuzi alipendelea," au, "Wale wenzenu ni wadanganyifu." Hivyo twamnyima somo ambalo siku ile alikuwa tayari kulipata. Na mtoto arudipo ameshinda, je, twamwuliza aliyeshindwa alikwendaje nyumbani?

Maisha nayo yana siku zake za Croke Park. Mtu hutumaini kazi akapewa mwingine. Huomba shamba likaenda kwa jirani. Hupiga mpira wake wa mwisho kwa nguvu zake zote, na mtu mdogo asiyemdhania akauzuia. Siku hiyo mithali ya wazee humwuliza kila mmoja wetu kama yeye ni mshindani kweli. Christy Ring aliijibu kwa kunyosha mkono wake. Nick O'Donnell aliijibu kwa bega lililovunjika likapona.

Someni habari hii pamoja na watoto wenu jioni, na mkimaliza waulizeni ni yupi kati ya wawili hao aliyefanya jambo lililo gumu zaidi. Sisi tumelizungumza sana neno hili, wala hatujapatana.